Uvimbe Ulikuwa Mmoja Tu

Poço da Ema, 25 Aprili 1993

Dada Eufrásia, nibariki.

Natumaini hujambo na kile kikohozi kimekuacha. Mimi nilifika salama baada ya siku tatu ndani ya basi, nikiwa nimekalia mto ulionishonea. Doralice alinisubiri barabarani amevaa gauni lake la kanisani. Kwanza alilia, kisha akanigombeza kwa kukonda, utafikiri nilikwenda São Paulo kucheza ngoma. Mke wangu ni yule yule.

Huku mvua imetunyima kabisa. Maharage yamekauka yangali na maua, na mbuzi tunawalisha dungusi kakati baada ya kuunguza miiba. Kazi yangu ya matandiko imelala, maana nani atashonesha tandiko jipya na farasi wenyewe wamebaki mbavu? Lakini nipo nyumbani, nalala kwenye kitanda changu cha bembea, nakula kuskusi ya mahindi ya Doralice, na mgongo umetulia. Asante kwa miezi ile yote uliyonilaza kwako na kunipeleka kwenye mashine ya mionzi. Unanijua, maneno ya shukrani hunikwama, kwa hiyo nimeyaandika haraka yatoke.

Sasa nikwambie. Sijamaliza hata kikombe cha kwanza cha kahawa, shangazi Zulmira huyo mlangoni. Hakuuliza mgongo unaendeleaje. Aliuliza, "Unapanda lini?" Nikamwambia, "Napanda wapi, shangazi?" Akanitazama kama mtu aliyekutana na mlevi kwenye misa. Kumbe wewe, dada yangu, siku nilipoanza kuchomwa mionzi ulipiga magoti kanisani huko ukamwahidi Mama Bikira wa Mlimani kwamba Laurindo akipona atapanda kwake kwa miguu, siku ya sikukuu yake ya Septemba, na jiwe kichwani. Halafu ukamwandikia Zulmira! Ungetangaza redioni ingekuwa siri zaidi. Hata muuza mafuta ya taa ananiuliza kama jiwe nimeshachagua.

Sikatai. Umeahidi kwa jina langu, nami nimepona, basi deni ni langu na nitalilipa. Lakini kurudi huko Julai kwa daktari, sioni haja. Alisema mwenyewe, nimekaa mbele yake, kwamba uvimbe ulikuwa mmoja tu. Ulikuwa mmoja, umechomwa, umebaki ngapi? Hesabu hiyo hata mimi niliyeacha shule mapema naiweza.

Doralice anakusalimu, na anasema zile chupi za sufu ulizompa hazivaliki kwenye joto hili.

Mdogo wako,
Laurindo


São Paulo, 16 Mei 1993

Laurindo, Mungu akubariki na akuongezee akili.

Kikohozi kimekwisha. Baridi imeanza mapema, magoti yangu yanalia kama bawaba za mlango. Neide, binti yangu, amehamishiwa zamu ya asubuhi kiwandani, kwa hiyo sasa nakunywa kahawa peke yangu na kuzungumza na redio. Mwambie Doralice chupi zile avae akija huku.

Nilipopata barua yako nilikwenda kumwona Daktari Yamashiro. Unamjua, yule mama hajawahi kupandisha sauti tangu azaliwe. Nikamweleza habari ya jiwe. Alivua miwani.

"Kichwani?"

"Kichwani, daktari. Kwetu ndivyo inavyofanywa."

"Mzigo juu ya uti wa mgongo ule ule?"

Akanieleza kwamba ile pingili iliyokuwa na uvimbe imeliwa ndani, limebaki ganda. Mionzi inaua uvimbe, haikujengei mfupa mpya. Amesema usibebe hata ndoo ya maji. Nilimwona amekasirika, kwa namna yake ya kukasirika, yaani alinyoosha kalamu zake zote mezani zikalingana.

Na hiyo hesabu yako ni mbovu. Mmoja alisema, kweli. Kwamba umekwisha hakusema. Nilimwomba anieleze polepole, nami nakueleza vile vile. Uvimbe huu unatokana na seli za damu, zile zinazotengeneza kinga ya mwili. Ukiota puani au kooni, nje ya mfupa, ukachomwa, wagonjwa wengi wanaishi hadi uzeeni bila kusumbuliwa tena. Ukiota ndani ya mfupa, na hasa mfupa wa mgongo, na mwenyewe amevuka miaka sitini, hiyo ni habari nyingine. Katika watu kumi wa namna hiyo, sita au saba hurudiwa, na unaporudi haurudi mmoja, unaingia mifupa yote. Halafu ipo ile protini mbaya waliyoikuta kwenye damu yako. Baada ya mionzi ilipungua, haikuisha. Wale ambao haiishi ndio wanaorudiwa mapema. Ndiyo maana anataka kukuona Julai, apime damu na mkojo na apige picha ya mgongo. Akiukuta ndio kwanza unaanza, anaweza kuchoma tena, na dawa za kuuzuia zipo. Ukichelewa, mfupa unaporomoka juu ya ule uzi unaopeleka nguvu miguuni. Ni maneno yake, sijaongeza chumvi.

Aliuliza tena kama uliwahi kunyunyizia pamba dawa za wadudu, maana wapo wanaodhani dawa hizo zina mkono katika maradhi haya. Nikasema sijui. Ulinyunyizia?

Kuhusu ahadi, nimeongea na padre wa hapa mtaani. Amesema aliyeahidi anaweza kuomba ibadilishwe, isomwe misa badala yake, na Mungu si mkorofi. Misa ni Jumapili ijayo. Laurindo, siku ile walikulaza juu ya ile meza, wakafunga ule mlango mzito, mimi nikabaki nje nimekumbatia shati lako. Mtu akiwa katika hali ile anaahidi chochote. Basi, lifute hilo jiwe kichwani mwako, na Julai upande basi.

Dada yako,
Eufrásia


Poço da Ema, 4 Julai 1993

Dada, nibariki.

Usinune kwa kuchelewa kwangu kujibu. Kulikuwa na hili na lile. Yule mbuzi jike mwenye doa amezaa mapacha, mmoja amekufa. Serikali imefungua kazi za dharura kwa ajili ya ukame, wanaume wote wanachimba lambo kule chini. Mimi sikujiandikisha, nimewaachia vijana.

Umeuliza habari ya pamba. Ndiyo, nilinyunyizia. Miaka yote ile ya mdudu aliyemaliza pamba nilibeba bomba mgongoni, peku, na kitambaa kimefunga pua, dawa inanitiririkia hadi kiunoni. Genival jirani yangu alinyunyizia na mimi bega kwa bega, na sasa hivi ninavyoandika namsikia anagonga dhumna kwa muuza duka na kutukana watu. Mzima kama ng'ombe. Mwulize daktari wako kwa nini ni mimi na si Genival. Akikujibu, niandikie.

Sasa hiyo misa yako. Nani kakwambia ahadi ni gauni, likibana unalipanua? Kwetu aliyeponywa ndiye analipa, kwa mwili ule ule ulioponywa. Umekaa huko miaka mingi hata hilo umesahau? Basi nikukumbushe mama. Mama aliahidi kupanda mlima kwa ajili ya macho ya baba, akaahirisha, leo kesho, leo kesho, mpaka akalala kitandani pa kufia. Wiki nzima roho ilikataa kutoka. Alikuwa anatazama paa na kuuliza nani atampandia. Nilimshika mkono mimi. Wewe ulikuwa São Paulo, ukatuma telegramu. Mimi niliona mtu anavyokufa na deni la namna hiyo, na sitaki.

Tena nikienda kupimwa kabla sijalipa, nitamwambia nini Mama Bikira? Kwamba neno lake silipokei mpaka mashine ya São Paulo itie muhuri? Zulmira anasema huko ni kumtukana, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nakubaliana na Zulmira.

Kwa hiyo Julai siji. Sikukuu ikipita tutaona. Huku joto limezidi, nimeacha bembea, nalala sakafuni juu ya mkeka, kuna ubaridi mzuri. Maji anachota Doralice, anasema yanamnyoosha viungo. Mambo yote ni mazuri. Usitafute makosa katika barua yangu.

Laurindo


São Paulo, 25 Julai 1993

Laurindo, Mungu akubariki.

Neide anakusalimu. Salamu zimekwisha, sasa tuongee.

Joto, Laurindo? Mwezi wa Julai? Mimi nimezaliwa huko. Julai alfajiri tulikuwa tunagombea blanketi la baba mpaka likachanika. Na mtu wa kwetu haachi bembea yake hivi hivi. Ataiacha akifa, au mgongo ukikataa kukunjika. Mgongo unauma tangu lini? Doralice anajua, au naye unamdanganya habari za ubaridi? Unasema nisitafute makosa. Sikuyatafuta, umeyaandika mwenyewe kwa mwandiko wako ule wa kuegemea ukuta.

Siku ya miadi yako nilikwenda mimi. Nikakaa kwenye benchi na wagonjwa wengine. Walipoita jina lako nikasimama. Daktari Yamashiro alitazama nyuma yangu mlangoni, kisha akanitazama mimi. Nikamwambia umekataa. Alisema ataacha nafasi wazi mwezi mzima, uje siku yoyote bila miadi. Nilimwuliza kwa nini wewe na si Genival. Alisema hajui, na kwamba hakuna anayejua. Nilimheshimu kwa hilo, maana angeweza kunidanganya.

Kuhusu mama, umenichoma mahali unapopajua. Niliondoka kwa sababu tulikuwa vinywa tisa na chungu kimoja, na aliyenifungia mizigo ni mama mwenyewe. Sitasema zaidi.

Nitasema lile ambalo mimi na wewe tumelizunguka tangu Januari. Tulikuwa tunasema "ule ugonjwa", kama watu wa kwetu wote, na kugonga mbao. Ni saratani. Haya, nimeandika na mkono haujakatika. Ulikuwa na uvimbe mmoja wa saratani katika mfupa, na saratani haijali kama Zulmira amefurahi au amenuna.

Nimewaza hivi. Nitakuja mimi Septemba nibebe hilo jiwe. Nina miaka sitini na saba na magoti mabovu, Mama Bikira ataangua kicheko, lakini mdomo ulioahidi ni wangu. Nikishuka mlimani tunapanda basi mimi na wewe. Nijibu haraka.

Eufrásia


Poço da Ema, 15 Agosti 1993

Dada,

Usije.

Ukibeba wewe watasema Laurindo amejificha nyuma ya sketi ya dada yake. Genival ameshaanza, jana aliniuliza kama Septemba nitavaa yenye maua. Mimi ni mwanamume wa miaka sitini na mbili. Tangu utotoni unaamua mambo yangu kisha unaondoka, na mimi ndiye ninayebaki kuyaishi hapa mbele ya watu. Hili nitalimaliza mwenyewe.

Na lile neno usiliandike tena. Doralice hupenda nimsomee barua zako kwa sauti. Nilipofika hapo nikaruka mstari, akaniuliza mbona umenyamaza.

Mgongo ni mgongo. Wa nani hauumi?

Laurindo


Poço da Ema, 12 Septemba 1993

Eufrásia, nimelipa!

Nakuandikia wewe kabla ya mtu yeyote. Nilipanda Jumatano, siku yenyewe ya sikukuu. Njia nzima kulikuwa na watu, wengine kwa magoti, wengine wamevaa nguo za kahawia za toba, watoto wanauza maji. Kwa heshima ya daktari wako nilichagua jiwe dogo, saizi ya kipande cha sukari guru, nikaliweka juu ya kitambaa alichokunja Doralice. Tumefika chini ya mlima, Zulmira akanisimamisha mbele ya watu.

"Hilo ni jiwe au ni korosho?"

"Shangazi, ni jiwe. Ahadi haikutaja kilo."

"Umeponywa mgongo mzima, halafu unamletea Mama Bikira korosho? Angekuponya nusu ungemletea nini, punje ya mchele?"

Watu wakacheka, na Genival alicheka kuliko wote. Nikalitupa lile dogo, nikachukua jingine pale pale kando ya njia. Ukubwa wake sikwambii, maana nakusikia unavyopiga kelele kutoka huko. Genival aliacha kucheka, ikabidi anisaidie kulipandisha kichwani.

Nikapanda. Iko misalaba njia nzima, unaikumbuka. Baada ya msalaba wa tano kitu kililia mgongoni, mlio mdogo, kama kijiti kikavu. Nilisimama kidogo. Doralice akasema, "Laurindo, tua." Nikamwambia asubiri chini kama amechoka. Niliendelea mpaka juu, dada. Nikaliweka jiwe miguuni pake, nikatundika uti wa mgongo niliouchonga kwa mti kama shukrani, pamoja na mikono na vichwa na matiti ya mti ya watu wengine walioponywa. Nililia mbele ya watu na sikuona haya. Wewe ungekuwepo ungelia pia, hata kama unajifanya mtu wa mjini.

Basi sasa hakuna anayenidai. Miguu imekuwa mizito kidogo tangu siku ile, najisikia kama nimevaa viatu vya mtu mwingine. Ni uchovu, ule mlima si mchezo. Itapita.

Nibariki.
Laurindo


São Paulo, 3 Oktoba 1993

Laurindo,

Barua yako imenifikia leo asubuhi. Nimeisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena.

Kitu kimelia mgongoni na wewe ukaendelea kupanda! Mke wako anakwambia tua, unamwambia asubiri chini! Kwa sababu ya mzaha wa Zulmira, ambaye hajabeba kitu kizito kuliko ulimi wake tangu nimjue!

Huo uzito wa miguu si uchovu. Nilikwandikia mwezi wa Mei, nikakwandikia kwa maneno ya daktari mwenyewe. Nenda hospitali ya mji mkuu wa jimbo, leo hii, usingoje Jumatatu, usingoje lori la sokoni. Waambie ulikuwa na uvimbe wa mfupa katika mgongo, ulichomwa mionzi, na sasa miguu inakufa ganzi. Waambie hivyo hivyo. Usiseme "mgongo ni mgongo".

Sikubariki mpaka uniandikie kutoka hospitali.

Eufrásia


São Paulo, 14 Novemba 1993

Laurindo mdogo wangu,

Hujaniandikia. Nimepiga simu ya posta mara nyingi, mara haiiti, mara anapokea mtu anasema atamtuma mtoto kukuita, halafu inakatika. Neide anasema labda posta imegoma. Haijagoma, mwenzangu wa hapa jirani anapata barua zake kutoka huko huko.

Yale ya kutokukubariki nimeyafuta. Mungu akubariki, asubuhi na jioni. Andika hata mstari mmoja. Mwambie Doralice amtafute mtu amwandikie.

Dada yako,
Eufrásia


Hospitalini, 28 Novemba 1993

Dada, nibariki.

Naandika nimelala chali, karatasi nimeiweka juu ya ubao wa chakula, kwa hiyo mwandiko usiucheke. Barua zako za Oktoba na Novemba ameniletea Doralice kwa pamoja.

Miguu haipo. Naiona ipo, chini ya shuka, lakini nikiiambia neno hainisikii. Mara ya kwanza nilianguka uani nikiwapa mbuzi maji. Nikasema itapita. Nililala ndani wiki kadhaa nikisema itapita, mpaka mkojo nao ukakataa. Hapo Genival na wenzake wakanibeba ndani ya bembea yangu, imening'inizwa kwenye mti mabegani mwao, mpaka barabarani. Kwetu unajua ni akina nani hubebwa hivyo. Wanawake walijifunga vitambaa na kutoka mlangoni kutazama, na mmoja akauliza mazishi ni saa ngapi.

Daktari wa hapa ni kijana, hakunizunguka. Ile pingili imevunjika. Na ugonjwa uko mbavuni, nyonga na fuvu la kichwa. Amesema sasa hauitwi tena uvimbe mmoja, una jina jingine la mifupa yote. Wamenichoma mionzi ya haraka mgongoni ili miguu irudi, lakini amesema nilipaswa kuletwa siku ile ile nilipoanguka. Nikamwuliza ni jiwe? Akasema jiwe limeharakisha kuvunjika, lakini ugonjwa wenyewe ulikuwa unatembea kitambo. Kweli ulikuwa unatembea, dada. Mgongo ulianza kuniuma mwezi wa Juni. Sikukwambia.

Kuna jingine. Huko nyumbani Zulmira amesambaza maneno kwamba Mama Bikira amekasirika kwa sababu wewe ulikwenda kwa padre wa mjini kubadilisha ahadi. Kwamba ameuchukua uponyaji wake kwa kosa lako. Mtaa mzima unasema hivyo, na Doralice sasa naye anasema. Habari ya padre aliisikia kwangu, nilimsomea barua yako. Walipokuja kunitazama wakalisema mbele yangu, na mimi sikuwakataza. Nilikuwa nimelala pale na mkojo kwenye mpira, nikataka sana awepo mtu mwingine wa kulaumiwa, na wewe ulikuwa mbali. Ukinichukia nitaelewa.

Nina swali moja. Mwulize daktari wako, yule asiyepandisha sauti. Ningekuja Julai, leo ningekuwa natembea? Wewe unajua kunipaka asali. Safari hii usinipake.

Laurindo


São Paulo, 12 Desemba 1993

Laurindo mdogo wangu, Mungu akubariki.

Huku mvua zinanyesha kila siku, mtaro wa mbele ya nyumba umefurika tena. Neide yuko likizo, na amenifokea kutwa kwamba sili. Nakula.

Nilikwenda kwa Daktari Yamashiro na barua yako, nikamsomea lile swali kama ulivyoliandika. Akaniuliza, "Anauliza yeye, au unauliza wewe?" Nikasema anauliza yeye. Akasema, "Basi mwandikie kama nitakavyokwambia."

Amesema ndiyo. Ungekuja Julai, damu ingeonyesha protini inapanda, na picha ingeonyesha pingili inalegea. Angekuchoma, angekufunga mkanda mgumu wa mgongo, angekuanzishia dawa. Amesema huenda ungerudiwa tu, maana wengi wa aina yako hurudiwa hata wakifanya kila kitu sawasawa. Lakini ugonjwa ungekukuta umesimama kwa miguu yako.

Umesema nisikupake asali, sijapaka. Nilitoka pale nikaketi kwenye benchi lile lile la Julai na nikalia mpaka mlinzi akaniletea maji. Nilikuwa nakulilia na wakati huo huo natamani kukuzaba kofi. Ungeniandikia neno moja mwezi wa Juni, "unauma", ningekuja kukuchukua kwa masikio. Ulificha maumivu ili usionekane humwamini Mama Bikira, na kwa Zulmira usionekane mwoga, na kwangu usionekane mdogo. Na Genival anacheza dhumna.

Yale wanayosema juu yangu nimeyasikia. Nina kosa, lakini si hilo. Nilikuwa nakuogopea kifo, nikaahidi miguu ambayo si yangu bila kumwuliza mwenye miguu. Kisha nikamwandikia Zulmira kwa sababu nilitaka watu wajue ninavyokupenda. Nimejua hilo tangu barua yako ya kwanza, nikajifanya nimekasirika na jiwe. Kwamba hukuwakataza, kumeniuma kuliko uliponisuta kwa telegramu ya mama. Sikuchukii. Nitakuchukia baadaye, nikipata nafasi.

Sasa sikiliza. Daktari amesema ukiletwa huku dawa zipo. Kukuponya hazikuponyi, lakini walio hivyo wanaishi miaka miwili, mitatu, na wapo wanaopitisha hapo. Ukibaki huko bila dawa ni miezi. Ameandika barua kwa yule daktari kijana, na kitanda chako kimeshatengwa. Doralice atakuja na wewe, na chupi zake za sufu azivae.

Tiketi ninayo, naondoka kesho alfajiri. Najua ukiisoma barua hii utachukua karatasi unikataze. Usijisumbue. Barua yako ataipokea Neide. Mimi nitakuwa nimeshaketi hapo kando ya kitanda chako, na safari hii huwezi kuinuka ukaenda zako.

Dada yako,
Eufrásia